Kocha Mdogo Wangu, Uliza Kisha Urudi

Mdogo wangu unayeshika filimbi, leo nina maneno na wewe. Weka mfuko wa mipira pembeni, kaa, na usianze kuangalia saa.

Ujumbe mnaoniandikia unafanana kweli kweli. Mmoja anafundisha vijana wa mtaani kwake, wamefungwa mechi nne mfululizo na usingizi umemtoroka. Mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu mkuu amemkabidhi timu ya netiboli kwa sababu tu ni mrefu na anavaa raba. Wa tatu ndiye ananihuzunisha zaidi: alicheza mpira wa ushindani, akaenda kozi, leseni D anayo kabatini, watoto wanamwita "kocha" kwa heshima zote, na moyoni mwake anajua kwamba timu ikianza kuzidiwa hana la kufanya ila kupiga kelele. Wote hao wananiuliza mimi, dada yao wa gazetini. Nami huwajibu kwa swali moja: hapo ulipo, kuna kocha aliyekutangulia umemwendea? Basi hapo huwa kimya. Halafu baada ya siku mbili linakuja jibu: "Dada, nitaanzaje?"

Sikucheki, wangu. Najua kinachokuzuia. Kiti cha kocha kwetu hakina miguu minne. Ukifungwa leo, kesho kijiweni wameshakutafutia mbadala, na kamati inakaa bila wewe. Katika hali hiyo kwenda kwa kocha mwingine na kusema "hapa nimekwama" unaona ni sawa na kujiandikia barua ya kufukuzwa. Unaogopa atakwenda kusimulia. Unaogopa atakitaka kiti chako. Unaogopa wiki ijayo mtakutana uwanjani na atakuwa ameshajua wapi panavuja. Na wewe uliyecheza zamani una la ziada: unaona aibu, maana watu wanadhani aliyecheza anajua kufundisha. Hayo yote ni ya kibinadamu. Ila mficha uchi hazai, na huo uchi unaouficha wewe wanauona watoto ishirini na wawili kila jioni.

Hebu nikusimulie habari ya Jock Stein, mzee wa Scotland, nayo itakutoa hofu hiyo ya kumuuliza mtu ambaye kesho atakuwa mpinzani. Mwaka 1963 Stein alikuwa kocha wa Dunfermline, timu ndogo tu. Akafunga safari mpaka Milan kumtazama Helenio Herrera akiifundisha Inter. Herrera wakati huo ndiye aliyekuwa habari ya Ulaya: ulinzi wake haupitiki, nidhamu yake inaogopwa. Stein akatazama mazoezi yake, akauliza, akarudi kwao. Miaka minne baadaye, mwaka 1967, akiwa Celtic, akakutana na Herrera yule yule, Inter ile ile, kwenye fainali ya Kombe la Ulaya mjini Lisbon. Celtic wakashinda 2-1, wakawa timu ya kwanza ya Uingereza kulitwaa kombe hilo. Sasa niambie, kuuliza kulimpunguzia nini Stein? Na Herrera naye, kumpokea mgeni kulimwondolea nini jina lake? Mpaka leo linatajwa.

Guardiola je? Alishacheza Barcelona, alishabeba Kombe la Ulaya la mwaka 1992, angeweza kukaa nyumbani kwake akasubiri simu. Lakini mwaka 2006, kabla hajafundisha timu yoyote, alipanda ndege mpaka Argentina kumfuata Marcelo Bielsa shambani kwake, wakazungumza kwa saa kama kumi na moja. Mtu wa namna hiyo anapanda ndege kwenda kuuliza, wewe mzee yuko mtaa wa pili, bodaboda buku, unaona haya!

Haya, tuseme umekubali. Sasa tuje kwenye namna, maana hapa ndipo wengi mnapoharibu, na wala si kwa ubaya.

Mnaandika hivi, tena usiku saa tano na nusu: "Shikamoo kocha, naomba ushauri." Basi. Mzee wa watu anaamka asubuhi, anajibu, "Marahaba, sema." Hapo unamrushia sauti ya dakika nane. Unaanza na mwenyekiti aliyekula hela ya jezi, unapita kwa kipa aliyegombana na mama yake, unalaumu uwanja una mashimo, unamlaumu refa wa Jumapili, na mwisho unasema, "Kwa hiyo kocha ndo hivyo, unanisaidiaje?" Mzee afanye nini na mzigo huo? Umefika zahanati, umemwambia daktari "naumwa" na hutaki kusema wapi. Atakupa panadol akuondoe. Kwa kocha, panadol ni ile "komaa tu kijana, mpira ndivyo ulivyo." Ukishajibiwa hivyo unanuna, unasema wazee wana roho mbaya.

Wazee hawana roho mbaya, mdogo wangu. Wengi wao wanatamani kuulizwa. Ila waulize kitu chenye mwanzo na mwisho. Mtu mmoja nilimwambia aandike upya ujumbe wake, ukawa hivi: "Shikamoo kocha. Nafundisha vijana wa miaka 14 hadi 16 hapa uwanja wa shule. Mechi tatu zilizopita tumefungwa mabao matano, na manne yametokea upande wetu wa kushoto, kwa krosi. Nimebadilisha beki, haikusaidia. Jumamosi saa kumi tuna mechi ya kirafiki. Ukipata nafasi naomba uje utazame upande huo tu, hata kipindi kimoja. Usipopata, nitakufuata ulipo nikueleze."

Unaona tofauti? Mzee ameambiwa nani anamuuliza, watoto wana umri gani, kimetokea nini, kimejaribiwa nini, na anatakiwa kutoa muda kiasi gani. Akaja. Akasimama nyuma ya kibendera cha kona, mikono nyuma, hasemi kitu. Kipindi cha kwanza kilipoisha akamwambia, "Muache beki wako, hana kosa. Mtazame winga wako wa kushoto. Mpira ukipotea yeye anasimama kashika kiuno, harudi. Beki wako kila mara anakabili watu wawili." Basi, kwa maneno hayo machache kijana akapata alichokuwa akikikosa mwezi mzima. Alikuwa amelitazama bao linapofungwa, mzee akalitazama linapoanzia. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti uwafungulie mlango wa kuingilia.

Na huwezi kuuliza hivyo kama huna daftari. Usinitajie simu, simu inaishiwa chaji na ina mambo mengine ndani yake. Daftari la kurasa mia, la kawaida. Andika nani amefika, nani amechelewa, zoezi gani mlifanya na lilikwama wapi, mabao yalitoka wapi, nani alilalamika goti. Ukiandika mwezi mmoja utashangaa: nusu ya maswali yako yatajijibu yenyewe, na nusu iliyobaki ndiyo ya kumpelekea mzee.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hili ndilo lililonifanya nikae kuandika leo. Kuuliza mnaweza kujifunza haraka. Msichokijua ni kurudi.

Mtu anaomba ushauri, anapewa, anashukuru kwa vikaragosi vya mikono miwili, kisha kimya miezi mitatu. Ushauri aliutumia? Haujulikani. Ulifaa? Haujulikani. Anaibuka tena siku ana shida nyingine: "Shikamoo kocha, naomba ushauri." Mdogo wangu, hiyo inauma. Mzee alikaa akaifikiria timu yako wakati ana timu yake. Akatamani kujua Jumamosi ilikuwaje. Akaja kusikia matokeo kwa muuza maji. Safari ya pili atakujibu kwa ufupi, ya tatu hatajibu, na wewe utasema amebadilika.

Kule Kenya, Nandi, kijana mmoja alimfuata Patrick Sang akiomba programu ya mazoezi ya kukimbia. Sang alikuwa mtu mkubwa, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Angeweza kumpita. Akampa programu ya siku chache tu. Kijana akaenda akaifanya. Ilipoisha akarudi: nimemaliza, naomba nyingine. Akapewa, akaifanya, akarudi tena. Kijana huyo alikuwa Eliud Kipchoge. Mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris, na mwaka 2019 kule Vienna akakimbia marathoni kwa saa 1:59:40, na kocha ni Sang yule yule. Utaniambia huyo ni mwanariadha, si kocha. Najua. Lakini itazame vizuri hiyo tabia, ndiyo hiyo hiyo unayotakiwa uwe nayo. Sang hakupewa mwanafunzi mwenye maneno matamu wala barua ya utambulisho. Alipewa mtu aliyefanya alichoambiwa na akarudi kusema amemaliza. Kwa mwalimu yeyote hilo ni tamu kuliko "asante sana kocha, Mungu akubariki."

Kwa hiyo rudi. Ushauri umefaa, rudi useme. Umekwama, rudi useme, tena hapo ndipo pa kurudi haraka zaidi, maana mzee hakuwaona watoto wako zaidi ya ile jioni moja na huenda alikosea. Hukuutumia kwa sababu ulipata woga? Rudi useme hivyo hivyo. Dakika mbili za simu Jumapili jioni zinatosha: "Kocha, nilimwambia winga arudi. Kipindi cha kwanza alirudi, cha pili alichoka, tukafungwa moja badala ya tatu." Basi, mazungumzo yenu yameshahama, mwanzo ulikuwa unaomba, sasa mnafanya kazi pamoja. Na mzee naye atakuuliza kitu. Usishtuke. Wazee wengi wa mpira wako peke yao kuliko unavyodhani.

Mnaniuliza pia, "Dada, nimpe nini?" Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini usimfanyie bahasha kama unamhonga. Kama amekuja kwako kwa daladala, mrudishie nauli bila kusubiri aombe. Mnunulie soda. Mkaribishe akae kwenye kiti, si juu ya tofali. Siku ana mechi, nenda mapema ukamsaidie kupanga koni na kujaza maji. Na mtaje mbele ya watu, na siku yako kubwa mkaribishe akae karibu nawe. Alex Ferguson alipoipeleka Aberdeen ya Scotland fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1983 kule Gothenburg, alimchukua Jock Stein awe naye, mzee akae karibu. Wapinzani walikuwa Real Madrid, na kocha wao Alfredo Di Stéfano, jina zito. Stein akamshauri Ferguson ampelekee Di Stéfano zawadi ya chupa nzuri ya wiski, ajione ameheshimiwa, adhani hawa vijana wa Aberdeen wamefurahi kufika tu. Aberdeen wakashinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Sisi wengine huku pwani tungebeba kilo ya tende, lakini umeelewa. Ushauri wa namna hiyo huupati kwenye kozi. Unaupata kwa mtu uliyemkaribisha akae karibu nawe.

Nani wa kumwendea? Hapa pia mnajichanganya. Mnataka kocha wa Ligi Kuu, anayehojiwa kwenye redio, na mkimkosa mnasema hakuna wa kuuliza. Mdogo wangu, wewe unafundisha watoto wa darasa la sita. Kocha wa Ligi Kuu anapokea mchezaji aliyeshafundwa; mara ya mwisho kumfundisha mtoto kutuliza mpira huenda hata haikumbuki. Yule mwalimu wa shule jirani, mwenye kofia iliyofifia, ambaye kila mwaka timu yake inafika michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ngazi ya mkoa na viatu ni vya kuazima, huyo ndiye mtu wako. Anajua mtoto anachoka lini, anajua mzazi gani atamkataza binti yake asicheze na anajua namna ya kuongea naye. Guardiola mwenyewe, ukiacha Bielsa, mtu aliyemshikilia ni Juanma Lillo, aliyekuwa kocha wake kule Mexico mwishoni mwa uchezaji. Lillo hajawahi kuwa bingwa wa Hispania. Lakini mwaka 2020 Guardiola akamwita Manchester City awe msaidizi wake. Aliyeshinda kila kitu akamwita ambaye hakushinda, kwa sababu alijua nani anaona.

Wala si lazima awe wa mchezo wako, wala awe aliwahi kucheza. Bradha Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kutoka Ireland, mtawa, mwalimu wa jiografia. Riadha hakuijua. Pale shule ya St Patrick's alimkuta mwalimu mwenzake, Peter Foster, aliyekuwa akifundisha wakimbiaji, akamsaidia, akatazama, akajifunza, na Foster alipoondoka kazi ikabaki mikononi mwake. Kwake akatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na baadaye David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012. Mwanzo wake ulikuwa kumsaidia mwenzake. Kama kuna kocha wa mpira wa kikapu shuleni kwako anayejua kuwapasha watoto misuli moto vizuri kuliko wewe wa mpira wa miguu, nenda ukashike saa.

Kozi? Nenda, tena nenda. Za TFF, za chama chako cha mchezo, ukipata nafasi chuo cha michezo Malya ushukuru. Lakini kozi inaisha, mnapiga picha na vyeti, mnarudi nyumbani. Chukua namba za wenzako uliokaa nao dawati moja, na za mkufunzi. Miezi sita baadaye hizo namba zina thamani kuliko ile picha.

Sasa nikukaripie kidogo. Ukishapata mzee, usianze kumeza kila kitu. Nimeona kocha kachukua programu ya timu ya wakubwa, kaibandika ukutani, anawakimbiza watoto wa miaka 12 kuzunguka uwanja mpaka wanatapika, kisha ndipo anatoa mpira. Kisa, "kocha mkubwa ndivyo anavyofanya." Wangu, wachezaji wa kocha mkubwa wamelala kambini, wamekula wali na samaki, kuna daktari na mtu wa kuwachua. Wako wametembea kutoka shule, wengine tumboni wana uji wa saa nne. Waache wacheze, wanne kwa wanne, eneo dogo, kila mmoja auguse mpira mara nyingi. Mbio zitapatikana humo humo. Ukipewa zoezi na mzee, muulize mawili: ulilifanya na watoto wa umri gani, na uliwapa mapumziko kiasi gani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wewe ndiye unayewajua hao watoto kwa majina.

Na wapo wazee wa kuwakimbia. Nawasema bila kuficha.

Yupo atakayekuja kutazama mazoezi yako mara mbili, na mara ya tatu mshambuliaji wako anavaa jezi ya timu yake. Msaada huo umekugharimu. Mwambie mapema, kwa adabu: mchezaji akitakiwa, tunaongea mimi, wewe na mzazi. Yupo atakayesema ana watu Ulaya, atoe mtoto mmoja, mzazi achange kidogo. Huyo hata soda usimnunulie. Yupo atakayekwambia watoto wa siku hizi bila fimbo hawaendi. Mshukuru na usirudi kwake. Na yupo yule wa "kamati ya ufundi", mnaijua wenyewe, atakayekuonyesha goli la upande wa barabara na kusema hapo pamefukiwa kitu. Mdogo wangu, pale pamefukiwa beki asiyejua kuruka. Hela ya mganga nunua mipira miwili.

Wadogo zangu wa kike, njooni karibu. Mko wachache kwenye benchi la ufundi, na kwa sababu hiyo wa kuwauliza wengi ni wanaume. Wengi wao ni watu wazuri, watakusaidia kama binti yao. Lakini ushauri wa mpira unatolewa uwanjani, mchana, watu wakipita. Ushauri unaohitaji uje hotelini saa tatu usiku hauna mpira ndani yake, na ukiukataa hujakosa adabu. Nenda na msaidizi wako, nenda na rafiki. Na tafuteni wanawake wenzenu. Mildred Cheche aliipeleka timu ya wasichana wa Kenya chini ya miaka 17 Kombe la Dunia mwaka 2024, timu ya kwanza ya Kenya ya soka kufika huko, ya kike wala ya kiume. Anayekwambia hakuna mwanamke wa kumuuliza amechoka kutafuta.

Jambo jingine, na hili ni dogo ila linaunguza: siri za watoto. Unapomweleza mzee shida yako, usimweleze kwenye kundi la WhatsApp lenye makocha themanini kwamba mtoto fulani baba yake ni mlevi ndiyo maana anakosa mazoezi. Kesho yatafika darasani. Sema "nina mchezaji ana shida nyumbani", inatosha.

Wewe uliye msaidizi wa mtu, usinung'unike kwamba humiliki timu. Hakuna shule ndefu na ya bure kama hiyo. Pitso Mosimane kabla hajaipa Mamelodi Sundowns ubingwa wa Afrika mwaka 2016, na Al Ahly baada ya hapo, alikaa timu ya taifa ya Afrika Kusini, Bafana Bafana, akiwa msaidizi wa Wabrazili wawili, Joel Santana na Carlos Alberto Parreira. Na sisi tuliona wenyewe AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024. Taifa Stars wamefungwa 3-0 na Morocco, kocha Adel Amrouche kafungiwa, mashindano yanaendelea. Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, msaidizi, akakabidhiwa timu, Juma Mgunda pembeni yake. Sare ya 1-1 na Zambia, sare ya 0-0 na DR Congo. Hatukuvuka kundi, lakini timu haikusambaratika. Siku kama hiyo haikutumii taarifa. Kwa hiyo unapokaa kwenye benchi la mtu, uliza kwa nini, uliza faragha, baada ya mazoezi, wala usiwanong'oneze wachezaji kwamba ungekuwa wewe ungepanga vingine. Kocha mkuu atalijua kabla ya magharibi.

Mtaniuliza, "Je, nikitofautiana na mzee?" Mtatofautiana, na ni vizuri. Mwambie: kocha, nimelifikiria ulilosema, nimeona kwa watoto hawa nijaribu hivi kwanza. Mzee wa kweli atakunja uso kidogo kisha atataka kujua matokeo. Akikasirika kwa sababu hukufanya neno lake, basi alikuwa anatafuta mtumishi. Kitu kimoja usifanye: ukifungwa baada ya kufuata ushauri wake, usiende kijiweni kusema "fulani ndiye aliyenidanganya." Filimbi ilikuwa shingoni mwako. Na wala usikusanye washauri kumi, mmoja kakwambia kabeni juu, mwingine kakwambia kaeni nyuma, watoto wako katikati wanakutazama mdomo. Mmoja au wawili wanatosha kwa msimu.

Na siku mzee atakapokujibu "sina nafasi", usinune, usimseme. Huenda kweli hana. Labda na yeye kamati imekaa bila yeye. Mwambie asante, kisha nenda siku ya mazoezi yake usimame nje ya mstari utazame, bila kupiga video kama hujaomba. Nenda tena wiki inayofuata. Makocha wengi wakikuona mara ya tatu wanakuja wenyewe kukuuliza unafundisha timu gani. Taja timu, taja umri wa watoto, na uwe na swali lako moja tayari.